Ndege ilikuwa juu kiasi gani? Kupima kimo kwa video ya dirishani

Video yenyewe haifiki dakika moja. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan inakimbia kwenye uwanja wa Manda, vichaka vinapita mbio dirishani, mtikisiko unakatika ghafla, kisha maji yanafunguka chini ya gurudumu. Binamu yangu aliipiga mwezi wa Machi akirudi Nairobi, akaituma nyumbani Lamu. Ndege haijagusa lami ya uwanja wa Wilson, Nairobi, na barazani kwetu watu wameshagawanyika. Mmoja anashikilia kwamba pale inapopita karibu na jahazi lililotia nanga, ilikuwa mita 20 tu juu ya maji, "ilibaki kidogo ing'oe mlingoti." Kijana mmoja, ambaye hana jambo asilolijua, akasema mia tatu. Mmoja amezidisha mara kumi na tano ya mwenzake, na wote wawili wameangalia picha ile ile.

Mimi hufundisha hesabu, kwa hiyo kesi ikaletwa kwangu.

Kwanza niwatetee wote wawili, maana jicho la mwanadamu halikuumbwa kwa kazi hii. Sisi hukadiria umbali kwa vitu tunavyovijua: mlango, punda, mtu, mnazi. Juu ya maji vitu hivyo havipo. Wimbi dogo la karibu na wimbi kubwa la mbali ni sura moja. Mwendo nao hupotosha. Kitu kilicho chini ya ndege huonekana kupita kwa kasi inayotegemea mambo mawili pamoja, mbio za ndege na kimo chake. Kimo kikizidi maradufu, kasi ile machoni hupungua nusu. Ndiyo maana ndege inapopanda abiria huhisi kana kwamba imepunguza mwendo, na kumbe inazidi kukimbia. Simu nayo ina lake. Lenzi pana hufanya kila kitu kionekane kidogo na cha mbali, na ukivuta picha karibu, jahazi lile lile linakusogelea kama unaweza kuligusa. Kwa hiyo swali la "inaonekana juu kiasi gani" halina jibu. Lenye jibu ni hili: ndani ya picha hii mna kitu gani ambacho vipimo vyake ninavijua tayari?

Kitu cha kwanza ni upeo wa macho, ule mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Wengi huuona kama pambo la picha, ilhali ndio pimamaji iliyonyooshwa kutoka jichoni mwako hadi mwisho wa dunia unayoiona. Nenda ufuko wa Shela maji yakiwa yamekupwa, usimame pale mchanga ulipo bapa, utazame watu wa kimo chako wanaotembea kati yako na bahari. Aliye karibu ni mkubwa, aliye mbali ni kama kijiti, lakini mstari wa bahari unapita machoni mwa wote. Sasa chuchumaa: mstari umeshuka viunoni mwao, wote kwa pamoja. Upeo hukata kila kitu kwenye usawa wa jicho linalotazama, kiwe karibu au mbali.

Ukishaliona hilo kwa macho yako, kazi iliyobaki ni ya rula. Jahazi limekaa majini, mlingoti umesimama wima. Ncha ya mlingoti ikigusa mstari wa upeo, kamera iko kwenye kimo cha ncha ile, basi, hakuna hesabu. Ncha ikipita juu ya mstari, kamera iko chini ya ncha, na hapo kweli mtu ana haki ya kuogopea mlingoti. Ikiwa jahazi zima liko chini ya mstari, ndege iko juu zaidi, na uwiano unakwambia zaidi kwa kiasi gani: chukua kimo cha jahazi unachokijua, kutoka majini hadi ncha ya mlingoti, zidisha kwa umbali wa pichani kutoka maji yanapogusa ubavu wa chombo hadi upeo, gawanya kwa umbali wa pichani kutoka pale pale hadi ncha ya mlingoti.

Huhitaji kujua jahazi liko umbali gani. Huhitaji kujua lenzi ni ya aina gani, wala kama picha imevutwa karibu. Vyote hivyo vinakuza au kupunguza vipimo viwili kwa kiwango kimoja, kisha vinajifuta. Nimefundisha uwiano miaka mingi, na bado jambo hili hunifurahisha kila mara.

Katika video yetu nilisimamisha fremu ambayo jahazi liko wazi kabisa. Kwenye kompyuta nikapima: kutoka majini hadi ncha ya mlingoti, milimita 6, kutoka majini hadi upeo, milimita 41. Kilichobaki ni kimo halisi cha jahazi, na hapo barazani tuna ami mmoja aliyekuwa nahodha. Nikamuuliza.

"Hilo nalijua. Mlingoti wake pima sita na nusu."

Pima, kwa wasiokua mwambao, ni urefu wa mikono miwili ikinyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kama mita 1.8. Pima sita na nusu ni mita 11.7. Zidisha kwa 41, gawanya kwa 6: mita 80.

Kabla ya kushangilia, tazama ile milimita 6. Kwenye picha yenye ukungu kidogo sikuweza kuapa kwamba si 5 na nusu au 6 na nusu. Ikiwa ni 5.5, jibu ni mita 87. Ikiwa ni 6.5, ni mita 74. Kwa hiyo jibu langu la kweli la siku ile lilikuwa "kati ya 74 na 87", na kila anayekupa tarakimu moja iliyonyooka kutoka kwenye video ya simu, muulize alikokificha kipimo cha makosa yake.

Kuna mitego mingine hapa. Dunia ni mviringo, kwa hiyo upeo unaouona umeinama kidogo chini ya usawa halisi wa jicho. Kwenye kimo cha mita 80 mwinamo huo ni kama robo ya nyuzi moja. Kwa chombo kilicho mita 250 kutoka kwako, unapunguza jibu kwa mita 1 tu. Ukipimia chombo kilicho kilomita 3, unakosea kwa mita 13 hivi. Chagua kilicho karibu. Upeo wa bandia ni mbaya zaidi: ukitazama upande wa bara, mstari unaouona ni vichwa vya mikoko au vilima vya mchanga, si bahari, na hesabu yote inakwenda kombo. Ndege hupaa kuelekea upepo unakotoka, hivyo dirisha lile lile linaweza kukupa bahari wakati wa kusi na kukupa mji wakati wa kaskazi. Siku za mvuke mwingi upeo hupotea kabisa ndani ya weupe, na mtu huuchora anapotaka yeye.

Ndege kulala upande si tatizo, mradi upime kwa mstari unaokutana na upeo kwa pembe mraba, hata kama upeo wenyewe umekaa mshazari kwenye kioo. Na upeo ukionekana umepinda kama upinde, usimwambie mtu umeona uduara wa dunia. Kwenye kimo hiki hauonekani. Ni lenzi pana inayopinda mistari iliyo pembeni mwa picha. Tafuta fremu ambayo upeo unapita katikati.

Mwenye kupima kwa njia moja hana wa kumsahihisha. Nikatafuta njia ya pili isiyohusiana na jahazi wala nahodha, nikaipata kwenye kivuli.

Jua liko mbali mno, miale yake inafika kwetu ikiwa sambamba, hivyo kivuli cha ndege hakikui ndege inapopanda. Caravan ina urefu wa mita 12.7 kutoka pua hadi mkia na mabawa ya mita 15.9 kutoka ncha hadi ncha, na kivuli chake juu ya maji ni ndege ile ile iliyolala chini. Ukikiona kinapungua, si kivuli kilichopungua, ni wewe uliyekiacha. Maana yake una rula ya mita 12.7 inayoelea baharini na kukufuata.

Hapa lakini huwezi kuikwepa lenzi. Nilimwomba binamu asimame mita 3 kutoka ukutani kwake, apige video kwa simu ile ile na mpangilio ule ule, aniambie ukuta wa upana gani umeingia. Mita 3.6. Basi kwa kila mita 1 ya umbali, picha nzima inabeba mita 1.2 ya upana. Usichukue tarakimu ya kwenye tangazo la simu, kwa sababu video hukatwa pembeni ili kutuliza mtikisiko wa mkono, na upana wake si sawa na wa picha ya kawaida.

Nusu sekunde kabla ya fremu ya jahazi, binamu alikuwa ameinamisha simu na kivuli kilionekana vizuri. Kilichukua pikseli 150 katika pikseli 1,920 za upana. Ukikiweka kama mita 12.7, umbali wa kivuli ni kama mita 135. Umbali huo ni wa mshazari, kutoka dirishani hadi kwenye maji kule kivuli kilipo, si wa wima. Kuupata wima unahitaji kujua jua lilikuwa juu nyuzi ngapi, na hapo saa ya Kiswahili inakuwa chombo cha unajimu.

Sisi tunahesabu saa kutoka jua linapochomoza na linapozama. Lamu iko nyuzi 2 na kidogo kusini mwa ikweta, na mwezi wa Machi, usiku na mchana unapolingana, jua hupanda na kushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa kila saa. Basi ukijua zimebaki saa ngapi lizame, zidisha kwa 15. Katikati ya Machi jua la Lamu huzama kama dakika 25 baada ya saa kumi na mbili jioni. Video ilipigwa saa tisa na dakika 45 alasiri, zimebaki saa mbili na dakika 40, kwa hiyo jua liko nyuzi 40. Mwezi wa Juni njia hii ya mkato haifai, maana jua limeegemea kaskazini na hata adhuhuri halipiti nyuzi 65. Hapo tumia jedwali la jua.

Mtu wa Lamu ana kipimo kingine, anacho mara tano kwa siku bila kukifikiria. Kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa huku, wakati wa alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiacha kile kivuli kidogo cha adhuhuri. Machi kivuli cha adhuhuri Lamu ni kama hakuna. Maana yake adhana ya alasiri ikisikika jua liko karibu nyuzi 44, na ndege iliyoko angani dakika ile inatupa kivuli chake mbele kwa umbali unaokaribia kimo chake yenyewe. Mwadhini amekufanyia trigonometria.

Turudi kwenye mita 135. Kwa nyuzi 40, wima ni mita 87. Lakini jua halikuwa ubavuni kabisa mwa ndege. Lilikuwa magharibi, na ndege ilielekea kusini mashariki, kwa hiyo kivuli cha kiwiliwili kilifupika machoni kwa kama asilimia 8. Ukisahihisha, umbali unashuka hadi mita 125 na kimo hadi mita 80.

80 kwa jahazi, 80 kwa kivuli. Nilipaswa kushuku papo hapo.

Kivuli nacho kina kosa lake. Jua si nukta, ni duara lenye upana wa nusu nyuzi, kwa hiyo kingo za kivuli huyeyuka kadiri kinavyokwenda mbali: takriban mita 1 ya ukungu kwa kila mita 107 za umbali. Kwa mita 125 pua na mkia wa kivuli vilikuwa na ukungu wa zaidi ya mita 1 kila upande. Sikosei nikisema asilimia 10 juu au chini: mita 72 hadi 88.

Njia ya tatu ni ya haraka, sikuipa uzito. Pale mtikisiko unapokatika ndipo magurudumu yalipoiacha lami. Hesabu fremu kutoka hapo, 30 kwa sekunde. Nilipata sekunde 17. Caravan hupanda kama futi 1,000 kwa dakika, yaani mita 5 kwa sekunde, chini ya hapo ikiwa imejaa na hewa ni ya moto. Sekunde 17 zinakupa 85 kwa ukarimu. Haithibitishi lolote, ila inamwondoa yule wa mita 20, na inamwondoa yule wa mita 300.

Wengi huniuliza kwa nini nisiisome simu yenyewe. Simu ya binamu haikuwa imewekwa kurekodi kimo, na hata ingewekwa, GPS hukosea zaidi kwa kwenda juu kuliko kwa kwenda pembeni. Simu nyingine zina kipimahewa, na karibu na bahari kanieneo ya hewa hushuka hektopaskali 1 kwa kila mita 8 na kidogo unazopanda. Ndani ya Caravan kinaweza kusaidia, kwa kuwa ndege ile haijazwi hewa, kanieneo ya ndani ni ile ile ya nje. Ndani ya ndege kubwa zaidi kama Dash 8 kinapima hewa ya ndani ya ndege, na rubani ndiye anayeipangia. Ramani za ndege za mtandaoni huonyesha kimo kinachotangazwa na ndege yenyewe, lakini kimepimwa kwa kanieneo ya kawaida ya hektopaskali 1,013.25, si ya Lamu ya siku ile, na karibu na ardhi mara nyingi hakuna mtambo unaoisikia.

Kisha uulize: kimo juu ya nini? Jahazi na kivuli cha baharini hukupa kimo juu ya maji. Manda haijalishi sana, uwanja uko mita chache tu juu ya bahari. Malindi uwanja uko zaidi ya mita 20 juu ya bahari, kwa hiyo ukipima kwa ngalawa iliyoko majini, uondoe hizo kabla ya kusema ndege ilikuwa imepanda kiasi gani tangu iache lami. Na kivuli kikiwa bado kinapita juu ya mapaa na miembe ya Malindi, kinakupa kimo juu ya paa lile, si juu ya uwanja. Nimeona watu wakigombana kwa sababu hii tu, kila mmoja akiwa sahihi.

Baraza lina haki ya kucheza na hesabu hizi, lakini kuna wanaozifanya kwa kazi. Ndege za zaidi ya kilo 5,700 ndizo zinazolazimika zaidi kubeba kile kinachoitwa kisanduku cheusi. Caravan haifiki kilo 4,000. Ajali ikitokea kwa ndege ndogo, video ya abiria au ya mtu aliye chini inaweza kuwa miongoni mwa kumbukumbu chache za sekunde za mwisho, na wachunguzi huipima kwa misingi hii hii, fremu kwa fremu, kwa vyombo bora kuliko rula yangu. Video ina mpaka wake hata hivyo. Tarehe 15 Januari 2023 ndege ya ATR 72 ilipoanguka karibu na Pokhara, Nepal, abiria mmoja alikuwa akirusha video moja kwa moja kutoka dirishani. Dunia nzima iliona mji, bawa na moto. Kwamba mapangaboi yote mawili yalikuwa yamelazwa yasisukume tena, kwa vishikio vilivyosogezwa kimakosa chumbani mwa marubani, lilijulikana kwa vinasa-kumbukumbu. Dirisha linakwambia ndege ilikuwa wapi. Halikwambii kwa nini.

Kama unayo video ya namna hiyo, hifadhi faili la kwanza kabisa, lile lililomo kwenye simu iliyopiga. Ikishatumwa kwa WhatsApp imebanwa: pikseli zimepungua, na taarifa za saa na mahali zimeondoka. Mimi mwenyewe nilianza na nakala iliyopita simu tatu, na kivuli kilikuwa doa la kijivu lisilo na mkia. Ilibidi nimsumbue binamu.

Siku mbili baadaye ami akapita nyumbani, hakukaa hata kahawa. Alikuwa amefikiri usiku.

"Maalim, ile pima sita na nusu niliyokupa, nimehesabu kutoka sitahani. Si kutoka majini."

"Na kutoka majini hadi sitahani?"

"Ongeza mita moja. Kama lilikuwa tupu, na nusu."

Kwa mita 12.7, jahazi linasema 87, na ukiweka kosa la rula, kati ya 80 na 95. Kivuli bado kinasema 72 hadi 88. Sehemu ambayo mashahidi wote wawili wanakubaliana ni mita 80 hadi 88, na hapo ndipo nilipoandika jibu langu ukutani barazani kwa chaki.

Kijana wa mia tatu alilisoma, akatoa simu, akabonyezabonyeza.

"Mimi nilisema mia tatu *futi*," akasema. "Ni mita 91. Nimekosa mita 3."

Hakuna aliyekumbuka kumsikia akitaja futi.